Njia ya Kamba Uani Kwetu

Uani kwetu kuna njia ambayo wageni huikanyaga bila kujua kuwa ni njia. Ukitupa jicho haraka utaona sakafu ya zege tu, kama ya nyumba yoyote: bomba upande huu, choo upande ule, tangi la maji kwenye kona, nguo zimeanikwa juu. Lakini vua viatu. Utaisikia kwenye unyayo alama ya kamba nene iliyosokotwa, imezama kwenye zege kuanzia barazani mpaka mlango wa choo. Katikati ya safari inatoa tawi, linakwenda bombani. Pale zinapoachana pamepachikwa vizibo vya soda, vimelala kifudifudi, ili mguu upate habari kwamba hapa ni njia panda.

Hiyo ni njia ya baba mkwe wangu. Yeye haoni. Macho yalimuaga taratibu, kabla mimi sijaolewa, na kwa muda mrefu kila alipotaka kwenda haja ilibidi aite mtu. Mtu mzima, baba wa watoto, anaita "Nani yuko hapo?" na kama hakuna aliye karibu anangoja, amebana. Hilo lilimuuma kuliko giza lenyewe. Mwanawe, huyu mume wangu, ni fundi wa zege. Siku alipomwaga sakafu ya uani alilaza kamba juu ya zege bichi, akaikandamiza kwa ubao, akaing'oa kabla halijashika. Shemeji yangu husimulia kwamba Baba alipopita mara ya kwanza, peku, alifika katikati akasimama, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hakuna aliyemshika mkono kumpeleka chooni.

Mimi niliijua thamani ya njia ile kwa kikombe cha maji. Nilikuwa bado mgeni nyumbani, hata sijazoea mlango gani unalia ukifunguliwa. Homa ikanishika, mume wangu yuko kazini mbali, shemeji yuko kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nimelala, koo limekauka, hata sauti sina. Nikasikia miguu inakwaruza uani, sss, sss, polepole. Bomba likafunguliwa. Bomba likafungwa. Miguu ikarudi, kisha mlango wa chumba changu ukagongwa kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, nimekuletea maji. Pokea, mimi siingii."

Nikajikokota nikapokea. Kikombe kilikuwa nusu, na mkono wake wote umelowa.

"Kunywa," akasema. "Mengine yamebaki njiani."

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Mama alinilea kwa kila alichokuwa nacho, lakini kuletewa maji na baba, hilo nilikuwa nalisikia kwa wenzangu tu. Nilikunywa yale maji nikilia, na sikulia kwa sababu ya homa.

Basi mwaka huu mvua zilikataa kwisha. Jua likisogeza pua, wingu linaifunika. Uani kukaota ule utelezi wa kijani, mwembamba kama ngozi ya maziwa. Kwanza pembeni mwa tangi, kisha chini ya bomba, kisha ukaingia kwenye kamba yenyewe. Nilisugua kwa fagio la njiti, kwa mchanga, kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikachubuka. Juu unatoka, ndani ya msokoto unabaki. Nikigeuka, umesharudi.

Baba akateleza karibu na bomba. Tulimkuta ameketi majini, anashika kiganja, anatucheka sisi tuliokuwa tunapiga kelele. "Mfupa upo," akasema. "Nimeukagua mwenyewe." Kiganja kilivimba tu, na nyonga ikawa nyeusi. Lakini habari ilimfikia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa mji mwingine kwenye nyumba ya ghorofa. Akapiga simu, na sauti yake tuliisikia sote ingawa simu ilikuwa sikioni kwa Baba.

"Jumamosi nakuja kukuchukua. Sitaki kusikia la mtu. Utakaa kwangu, utapumzika kwenye kochi, redio yako pembeni, chakula unaletewa."

Wifi si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Anampenda baba yake kwa kishindo, kama anavyofanya kila kitu. Baba alimwitikia tu, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Baadaye akaniita.

"Huko ghorofani, choo kiko wapi?"

"Ndani kwa ndani, Baba."

"Na nani atanipeleka?"

"Wifi amesema yupo dada wa kazi."

"Ahaa," akasema. Akapapasa redio, akaizima, na siku ile hakuiwasha tena.

Nilikaa nikawaza. Wifi hakuwa na shida na sisi, shida yake ilikuwa utelezi. Utelezi ukiondoka, na akamwona Baba kwa macho yake anatembea peke yake, huenda moyo wake ukalegea. Usipoondoka, Jumamosi Baba anakwenda kuanza upya kuita "Nani yuko hapo?"

Nikamfuata Povu.

Povu ndiye anayeosha magari pale kwenye kona. Jina lake la kweli nadhani hata mkewe analisahau. Ana mashine ya presha, ile inayorusha maji kwa nguvu mpaka tope linaruka lenyewe. Nilipomweleza shida yangu hakunizungusha.

"Kwa mzee wenu?" akasema. "Bomba la mtaa lilipokauka, nani aliniacha nivute maji kwake? Chukueni. Ila kwanza njoo uione shule yangu."

Akanionyesha kandambili iliyotundikwa kwa msumari juu ya mashine. Ilikuwa imekatwa toka kidoleni mpaka kisiginoni, laini, kama imepitishwa wembe.

"Maji hayo," akasema. "Kandambili niliivua nikaiweka chini, nikasema hebu nijaribu. Ingekuwa mguuni, leo ungenikuta nauza karanga nimekaa. Kwa hiyo kandambili mwiko. Buti za mpira, suruali ndefu, miwani ya kazi. Na hii bunduki haielekezwi kwa mtu, hata kwa utani, hata kwa shemeji unayemchukia."

"Sina ninayemchukia."

"Vizuri, utamwelekezea nani basi? Sakafu."

Akanionyesha nozeli, zile ncha za kuchomeka mbele ya bunduki, kila moja na rangi yake. Nyeupe inatawanya maji kama feni. Nyekundu inayatoa kama sindano.

"Hii nyekundu ni ya chuma chenye kutu. Ukiigusisha kwenye zege inalichimba, na zege likishachimbika halina kidonda cha kupona. Utatumia nyeupe, ncha ikae juu ya sakafu urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidoleni. Usigande sehemu moja, tembeza kama unapiga pasi. Ukibadilisha ncha, zima mashine kwanza, halafu bana kifyatulio mpaka pumzi iishe. Waya wa umeme uupitishe juu, usiogelee. Na mahali pasipoonekana ndipo pa kujaribia."

Kuna mshale kwenye mashine unaosoma presha, namba zake sikuzielewa. Nikatazama tu Povu alipozungusha kitasa mshale uliganda wapi, nikaweka alama kwa mkaa.

Jumamosi yenyewe asubuhi, shemeji alifunga kibanda chake cha kunyolea aje kusaidia. Ni mdogo wa mume wangu, na mdomo wake unafanya kazi kuliko mashine zake za kunyolea. Aliponiona na buti za kaka yake na miwani ya kukatia vyuma, akashika mbavu.

"Shem, unakwenda kuosha uani au unakwenda mwezini?"

"Wewe vaa zako."

"Mimi nina kandambili mpya."

Nikamtolea ile ya Povu, niliiazima pamoja na mashine kwa kazi hiyohiyo. Akaitazama, akaigeuza. Akaenda kuvaa buti bila neno lingine.

Tulianza kwa kuhamisha kila kitu: ndoo, viti, kuni, mtungi, sufuria la kuogea. Nguo nikaanua. Nikafagia mawe madogo, maana yakipigwa na maji yanaruka kama risasi. Soketi ya ukutani nikaifunga kwa mfuko wa nailoni, waya tukauning'iniza kwenye misumari ya kuanikia nguo, madirisha nikayafunga. Baba tulimweka ndani, mlango umefungwa, naye akawa anatuongoza kwa sauti kana kwamba ndiye anayeona.

"Anzeni juu mje chini! Maji yafuate mtaro!"

"Ndiyo, Baba!"

"Na kamba yangu msiiguse na hicho kidude!"

"Kamba naiosha kwa mkono, Baba!"

Ndivyo tulivyokubaliana. Sakafu pana ni ya mashine. Kamba na vizibo ni vyangu, kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, maana tulipojaribu nyuma ya tangi niliona hata ile nozeli nyeupe ukiisogeza karibu inang'oa mchanga mwembamba wa juu. Msokoto wa kamba ni huo huo mchanga mwembamba. Ukishaondoka, Baba amebaki na mfereji tu.

Tukamwaga sabuni, tukaiacha ikae ilainishe. Shemeji akafunua kifuniko cha mtaro karibu na ukuta ili maji machafu yapite, kisha akawasha. Jamani, mashine ile inanguruma! Lakini palipopita maji, zege lilitokea jeupe, safi, nikaona hata alama za mwiko wa mume wangu nilizokuwa sijawahi kuziona. Nilijisikia kama napekua albamu ya picha za zamani. Shemeji naye alinogewa, akawa anaimba.

Mimi nilipiga magoti na brashi, nikaifuata kamba toka barazani. Msokoto mmoja, kisha unaofuata. Kazi ya aina hiyo haiharakishwi, na mimi wala haikunichosha. Kila msokoto ulipofunguka nilipitisha kidole nikasema moyoni, haya, huu nao Baba ataujua. Ule mlio wa miguu yake siku ya homa yangu ulikuwa masikioni mwangu muda wote. Nilipofika mlango wa choo mgongo uliniuma kweli, lakini ni maumivu ya raha.

Nikiwa huko chooni, nimewapa mgongo, mashine ilizimwa kidogo, ikawaka tena. Mlio ukawa mwembamba zaidi. Nikadhani maji yamepungua.

Mchana ukasogea, tukamaliza. Uani kote kulikuwa kumelowa, zege limeiva rangi ya majivu meusi. Shemeji akarudisha mashine kwa Povu. Mimi nikaingia kubadilisha nguo, na kabla sijafunga kanga vizuri nikasikia geti.

"Hodi wenyewe!"

Wifi. Tulikuwa tunamtegemea jioni, yeye kashafika, na mkoba wake mkubwa mtupu ambao nilijua ni wa nguo za Baba.

"Karibu mwanangu!" Baba akaitikia toka ndani. Nikasikia mlango wa chumba chake. "Kaa hapo hapo getini, pumzika. Nakuletea maji mwenyewe."

"Baba, acha! Nani kakwambia unyanyuke?"

Hakuacha. Nilitoka mlango wa jikoni nikamkuta ameshashuka barazani, peku, kikombe mkononi. Mguu wake wa kulia ukagusa kamba. Akasimama. Akaukandamiza tena, taratibu, kama mtu anayeshika mkono wa rafiki aliyerudi safari.

"Oo," akasema. "Imerudi. Imerudi yote!"

Akaanza kutembea. Kutembea kweli, siyo kule kupapasa kwa majuma ya mvua. Nilimtazama wifi: amesimama getini, mkoba begani, mdomo wazi. Nikasema moyoni, tumeshinda.

Halafu nikatazama sakafu.

Zege lililolowa halisemi siri zake. Linapokauka ndipo linapomwaga mchele. Na sasa jua lilikuwa limetoka, uani kunakauka kwa mabaka, na pale kwenye vizibo vya njia panda niliona mstari. Mweupe, umenyooka, umezama upana wa kidole. Ulianzia palepale vizibo vilipo, katikati ya njia ya chooni na njia ya bombani, ukaenda moja kwa moja ukutani. Ukutani ulipo mtaro. Na kifuniko cha mtaro bado kiko pembeni, kimeegemezwa.

Baba akafika kwenye vizibo. Akavisoma kwa kidole gumba cha mguu. Akageuza mguu kutafuta njia ya bomba, na mguu ukadaka mstari ule mpya.

Akaufuata.

"Baba!" Wifi akapiga ukelele. Baba akainua kikombe kumpungia, akidhani anashangiliwa.

Sikumbuki nilivyovuka uani. Najua nilikuwa peku, na najua mkono wangu ulikuwa umebakiza kidogo tu kulishika shati lake kwa nyuma, pale yeye mwenyewe aliposimama. Alisimama wima. Akarudisha mguu nyuma, akaupitisha tena juu ya mstari, mara ya pili, mara ya tatu.

"Hii haina msokoto," akasema. Akageuza kichwa, maana alishanisikia ninavyohema. "Mwanangu, ni wewe? Nani kanichorea njia ya uongo?"

Mbele yake, hatua ya mtoto tu, mtaro ulikuwa wazi unachuruzika maji ya sabuni.

Nilimshika mkono. Wifi akaja kama upepo, akamkumbatia baba yake, akanigeukia.

"Mmeona? Mmeona nyie? Mtaro wazi! Mzee haoni na mtaro uko wazi! Mnataka tuje tumzike ndipo mridhike?"

Alikuwa na haki. Kabla sijatafuta hata neno la kuombea radhi, shemeji akaingia getini anaimba, mikono mitupu. Alipotuona wimbo ukamfia. Akatazama mtaro, akatazama mstari.

"Ni mimi," akasema. "Palikuwa na doa la rangi ya zamani hapo, limegoma. Nikaweka ile nyekundu. Nilijua wewe dada unakuja, nikataka pang'ae. Niliona kamstari, nikasema kakikauka hakataonekana."

"Nilikwambia Povu alisema nini kuhusu nyekundu?" nikamwuliza.

"Alisema nisiiguse."

"Na kifuniko?"

Akaenda kukirudisha, akakisukuma kwa mguu, akakirukia juu kujaribu kama kimekaa sawa. Kisha akaja akachutama mbele ya Baba, yule shemeji asiyenyamaza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema ila "Nisamehe, Baba."

Baba akampapasa kichwani. "Nani kakunyoa hivi?" akauliza. "Nywele zako mwenyewe zinakushinda."

Wifi hakucheka. "Baba, tunaondoka kesho asubuhi. Basi."

"Sawa mwanangu," Baba akasema. "Lakini kwanza niambie. Mimi nilisimama au sikusimama?"

Wifi akautazama ule mstari.

"Nilisimama mwenyewe, kabla ya huyu hajanishika. Mguu wangu unaijua kamba ya mwanangu. Ile nyingine ilikuwa laini, mgeni kabisa, nikasema huyu simfahamu. Sasa hukohuko kwako, nikiinuka, mguu wangu utamjua nani?"

"Utakuwa na mtu wa kukushika, Baba."

"Najua," akasema, taratibu, bila hasira. "Najua nitashikwa."

Wifi akageuza uso. Akajitia kutafuta kitu ndani ya mkoba uliokuwa hauna kitu.

Mume wangu alirudi jua likiwa bado lipo, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Tulimweleza. Hakumfokea mdogo wake. Alichuchumaa tu, akaingiza kidole kwenye mstari, akaufuata mpaka mwisho kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Nikiziba kwa saruji juujuu," akasema, "itabanduka baada ya muda, mstari utarudi."

"Usiuzibe," Baba akasema toka barazani. Sote tukageuka. "Umeshafunguliwa. Ipe hiyo njia mahali pa kwenda."

"Wapi, Baba?"

"Pale kwenye tofali alizopanga marehemu mama yenu, ukutani karibu na geti. Si bado zipo? Nilikuwa nakaa pale wakati naona. Unawasikia watu wanavyopita, unapata habari zote kabla hazijachujwa. Tangu macho yaende sijafika pale bila kupelekwa, na kuomba kupelekwa mahali pa kukaa tu, nilikuwa naona haya."

Miaka yote hiyo niliishi naye, namtazama kila siku, mimi ninayejidai natazama vizuri, na sikujua kuwa anapatamani pale. Hata mume wangu alikuwa anauma mdomo.

Kazi ilianza asubuhi yake, na wifi ambaye alisema anaondoka asubuhi hakusema tena lolote kuhusu safari. Mume wangu alichimba kwa patasi na nyundo, akaufuata mstari wa shemeji kuanzia kwenye vizibo, akaukunja mapema kabla haujakaribia mtaro, akaupeleka kwenye zile tofali. Kipande kilichobaki cha kuelekea mtaroni akakitanua, akakijaza, akakilainisha mpaka pakawa hapana cha kuusimulia mguu. Shemeji alibeba maji na mchanga, akachanganya, akatukanwa kwa mapenzi kila alipozidisha maji. Tulilowesha mfereji kwanza ili zege la zamani lisinyonye maji ya jipya, kisha mume wangu akajaza.

"Kamba," akasema, akanyoosha mkono.

Wifi ndiye aliyekuwa karibu nayo. Akaiokota. Badala ya kumpa mdogo wake, akavua saa, akapiga magoti kwenye uchafu na gauni lake la safari.

"Nielekeze," akasema.

"Ilaze usiivute. Weka ubao juu. Kandamiza sawasawa, usipige."

Akakandamiza. Akasogea, akakandamiza tena, msokoto kwa msokoto, mpaka kwenye tofali. Alipoing'oa kamba, kucha zake zilikuwa zimejaa saruji, na alama ilikuwa imetoka kama ile ya zamani. Baba akaleta kizibo cha soda alichokuwa amekihifadhi mfukoni, nacho kikapachikwa pale njia panda, maana sasa njia ni tatu.

Tulifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, tukaweka viti kuzuia, na Baba alikubali kupitishwa upande kwa kushikwa mkono mpaka zege lilipokomaa. Alikubali kwa sababu alijua lina mwisho. Wifi alipiga simu kazini kwake kuomba ruhusa. Usiku alilala chumbani kwa Baba, nikawasikia wanazungumza mpaka usingizi ukanichukua.

Siku tulipofunua, wifi alikwenda kukaa kwenye tofali za mama yake, peke yake, mkoba miguuni. Sisi tulibaki barazani. Kifuniko cha mtaro kilikuwa kimefungwa. Nilikikagua mimi, shemeji akakikagua baada yangu, na mume wangu baada ya shemeji.

"Nipeni kikombe," Baba akasema.

Akashuka. Sss, sss. Akafika kwenye vizibo, akavisoma, akashika tawi la bomba. Bomba likafunguliwa. Bomba likafungwa. Akarudi mpaka vizibo, akakitafuta kizibo kipya kwa kidole gumba, akatabasamu, akageuka. Kwenye kona ya mtaro, pale njia inapokunjika, akakunja kona bila hata kupunguza mwendo, maji yanamwagika kwenye kifundo cha mkono. Akatembea mpaka goti lake likagusa goti la bintiye.

"Pokea, mwanangu."

Wifi akapokea kwa mikono miwili. Kikombe kilikuwa nusu. Mimi nilijua Baba atasema nini, nikajikuta nalisema naye kimoyomoyo.

"Kunywa. Mengine yamebaki njiani."

Wifi akanywa yote. Akakaa na kikombe kitupu mapajani, mabega yanamtikisika. Baba akapapasa tofali ya pembeni, akakaa, akanyoosha miguu juani. Nje ya ukuta mtu alipita akisukuma mkokoteni, wawili wakapita wanagombana kuhusu mpira, na Baba akainamisha kichwa kusikiliza kama mtu anayesomewa barua tamu.

Mchana ule wifi aliondoka, na shemeji akamsindikiza stendi. Getini alinishika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya saruji, kama vyangu vilivyokuwa na ya sabuni.

"Wifi," akasema, "mvua zikirudi, nipigie. Nitakuja na buti zangu mwenyewe."

Mkoba wake ulikuwa begani, mwepesi kama ulivyokuja. Nyuma yangu nilisikia redio inawashwa.